Ufunguo wa Mama Mkwe
(Sehemu ya nne)

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitamkumbusha kwa ufupi, maana mwenyewe sipendi kuyarudia.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na minne ambaye hajawahi kuchelewa kurudisha hata bakuli la jirani. Majuzi alitoka kung'olewa jino, akaingia kwenye gari jeupe lisilofungwa mlango, akatia ufunguo wake, akawasha, akaenda zake nyumbani. Gari halikuwa lake. La kwake, jeupe vilevile na la aina ileile, lilibaki kwenye maegesho ya kliniki limetulia. Hili alilokwenda nalo lilikuwa la mwalimu mmoja wa sekondari. Kabla ganzi ya jino haijamtoka, askari walikuwa mlangoni.

Najua wengi mlicheka. Hata mimi ningecheka, kama si mimi niliyeuchonga ufunguo ule.

Leo nasema jambo ambalo wiki iliyopita niliwaficha.

Kazi yangu ni vitasa, makufuli na swichi za magari. Ile swichi unayotia ufunguo kando ya usukani ina silinda ndani yake, na ndani ya silinda mna vibati vinane vya shaba, vyembamba kama ukucha. Kila kibati kimepigwa namba, kuanzia moja hadi nne. Ukivipanga kwa mfuatano fulani, ufunguo wa mfuatano huo ndio utakaozunguka, mwingine haufui dafu.

Mteja akipoteza ufunguo, naitoa silinda, namwaga vibati, navipanga upya, nachonga ufunguo mpya na kuirudisha. Ndiyo maana ya kubadili swichi. Anayeuokota ufunguo wa zamani ameokota chuma tu.

Sasa, namba zile ni ndogo, na macho yangu yameanza kunitupa mkono tangu miaka mitatu iliyopita.

Sikumwambia mtu. Nani atampelekea swichi yake fundi anayesoma saa ya ukutani kwa kukisia? Nikawa nafanya kazi kwa vidole. Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na mfuatano mmoja wa kujifunzia: tatu, moja, mbili, mbili, nne, moja, tatu, mbili. Vidole vyangu vinaujua kama miguu inavyoijua njia ya chooni. Siku moja alikuja mteja mwenye haraka, nikampangia ule. Mwezi uliofuata akaja mwingine. Mwisho nikatundika ufunguo mmoja wa mfano kwenye msumari, kazi ikabaki kunakili.

Nilijiambia kwamba hakuna ubaya. Ni nani atakayekwenda kujaribu ufunguo wake kwenye gari la mwenzake?

Mama mkwe.

Alasiri ileile, walipokwisha kumchukua, nilikwenda kibandani kwangu peke yangu. Rafuni palikuwa na silinda tatu mpya zilizokwisha kupangwa, zinangoja wenyewe. Nilikuwa na tumaini dogo kwamba si zote, kwamba mara mojamoja nilikuwa nabadilisha. Nikautwaa ufunguo wa msumarini.

Silinda ya kwanza ilizunguka.

Ya pili ikazunguka.

Ya tatu nilisita kidogo, nikaomba dua. Ikazunguka laini kuliko zote.

Nikakaa juu ya ndoo. Miaka mitatu, na sikumbuki ni magari mangapi. Mjini kwetu, tangu Januari, magari matatu meupe yamepotea bila kioo kuvunjwa, na watu wamekuwa wakiulizana wezi wanaingiaje. Mimi nami nilikuwa nauliza, tena kwa sauti kubwa.

Mke wangu alinikuta pale pale. Nilimweleza yote, na la macho nikalisema, maana nilikuwa nimechoka kulibeba.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka mitatu."

Nilisubiri anichambue kama karanga. Mama yake yuko mahabusu kwa sababu ya uvivu wangu na kiburi changu, alikuwa na haki ya kunitukana hadi usiku uingie. Badala yake akavuta kigoda, akajiwekea sinia la vibati mapajani.

Mke wangu si mgeni wa kazi hii. Mara ngapi amenishikia tochi nikiwa nimelala chini ya usukani? Kutoa swichi anajua: unachomoa waya wa betri, unafungua kava, unatia ufunguo na kuuzungusha hatua moja, unabonyeza kipini kwa ncha ya bisibisi, silinda inateleza yenyewe mkononi. Kitu ambacho hakuwahi kufanya ni kupanga vibati.

"Ukibadilisha viwili tu," akaniuliza, "ufunguo wa zamani unakataa?"

Nikamwambia hata kimoja kinatosha.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alisoma namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kukunja uso, akavipanga vikakaa sawa mara ya kwanza. Nikamfundisha na kuchonga ufunguo wake. Niliona kama ananifariji, kama ananiambia kwamba kuanzia sasa macho yake yatakuwa yangu. Nilitoka pale nikijua nina mke wa kufa na kuzikana.

Nilimwambia kesho yake asubuhi nitakwenda kituoni kusema ukweli. Alinijibu kwamba angetangulia yeye, ampelekee mama chai, amwandae. Nilikubali.

Asubuhi aliondoka na chupa ya chai kabla sijavaa viatu. Nilipopita kibandani, rafuni nilikuta silinda mbili. Mkoba wangu mdogo wa vifaa haukuwepo kwenye msumari wake. Nilijua alikuwa amepangua vitu jana, nikadhani ameviweka kwingine. Kichwa changu kilikuwa kimekwisha fika kituoni, hakikuwa na nafasi ya kutafuta mkoba. Nikatia zile mbili mfukoni pamoja na ufunguo wa mfano, nikaenda.

Hebu niwaeleze kuhusu mimi na mama mkwe. Miaka kumi na mmoja nimemwoa binti yake, na miaka kumi na mmoja ananiita "fundi". Si kwa ubaya, ila si kwa wema pia. Binti yake alikuwa na mchumba mfamasia, mtu wa koti jeupe, akamwacha akanifuata mimi mwenye mikono ya grisi. Mama hakuwahi kulisema hilo. Alikuwa ananiita fundi, basi, nami naitika.

Askari wa kaunta alinivuta pembeni nilipofika. Yule kijana alipokelewa duniani na mikono ya mama mkwe, yeye na nusu ya wenzake, na ilikuwa inamtesa kumwona upande ule wa kaunta. Akaninong'oneza kwamba mama amegoma. Tangu jana wanamwuliza swali moja tu, ufunguo huu ulichongewa wapi, naye amefunga mdomo.

"Anasema jino linamuuma," askari akasema. "Lakini chai amekunywa."

Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Alikuwa anajua. Angetaja jina langu jana ileile, na jana ileile angelala kitandani kwake.

Walinipa dakika chache naye. Alikuwa amekaa kwenye benchi, shavu limevimba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama anayesubiri kwenda harusini. Nikamwambia nimekuja kusema.

"Kusema nini?"

"Habari ya ufunguo, mama."

Alitazama kaunta, kisha akanitazama mimi. "Mkeo ameshapita hapa. Tumeshapanga. Wewe nenda nyumbani."

Nikajua wamepata wakili. Nikaanza kumweleza kwamba wakili hatasaidia kitu, kwamba kosa ni langu peke yangu. Akanishika kifundo cha mkono, na mkono ule una nguvu, umevuta watoto wengi.

"Mwanangu," akasema, "nenda nyumbani."

Miaka kumi na mmoja, ndugu zangu. Neno hilo nililingoja hadi nikasahau kwamba nalingoja, akaja kunipa kwenye benchi la polisi. Kama angeniita fundi huenda ningemtii. Aliponiita mwanawe, nilijua siwezi kumwacha pale.

Nikaenda moja kwa moja kwa mpelelezi.

Mpelelezi huyo watu humwita Bwana Taratibu kwa sababu hanyanyui sauti wala hatembei haraka. Alinikaribisha kiti. Nadharia yake alikuwa ameikamilisha: magari matatu yamepotea, la nne limekutwa na bibi mmoja mpole ambaye hakuna askari wa barabarani angemsimamisha. Dereva amepatikana, amebaki fundi wa funguo. Na fundi wa funguo ndiye huyo aliyeingia kwa miguu yake mwenyewe.

Nilisema kila kitu. Nilitumia zaidi ya nusu saa. Nilimweleza swichi ni nini, silinda ni nini, vibati vinakaaje, namba zilivyo ndogo, macho yangu yalivyo. Alikuwa anaandika, akifika mahali asipoelewa ananirudisha. Nilimwambia pia kwamba gari la mwalimu nalijua kwa lile bonde la mlango wa nyuma. Kabla ya mwalimu lilikuwa la mshona viti, aliyevunjikiwa ufunguo ndani ya swichi, na mimi ndiye niliyembadilishia. Ndiyo maana ufunguo wa mama uliliwasha. Alipomaliza kuandika akanipa karatasi nisome. Nilijifanya nasoma, nikatia sahihi.

Kisha nikaweka silinda zangu mbili mezani. Bwana Taratibu akatoa ufunguo wa mama kwenye bahasha ya vielelezo, akautia kwenye ya kwanza. Ikazunguka. Akautia kwenye ya pili, ikazunguka nayo. Alikaa akiichezea, anazungusha, anarudisha.

"Umeniletea ushahidi mzuri sana, fundi," akasema. "Tatizo sijui ni wa upande gani."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mtu anayetengeneza swichi nyingi za ufunguo mmoja anaweza kuwa mzembe. Anaweza pia kuwa ametumwa."

Akanieleza kwa utaratibu wake. Kipo kitu kimoja kitakachotenganisha hayo mawili, nacho ni gari la mwalimu. Ufunguo wa mama uzunguke mule, silinda ifunguliwe, ukutwe mfuatano uleule, na mshona viti aje akiri kwamba niliifunga mimi miaka miwili iliyopita. Hapo ni uzembe wa fundi, si wizi wa bibi, na mama analala kwake leo. Likishindikana hilo, kesho saa tatu asubuhi anapandishwa kizimbani kwa wizi wa gari.

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa pembeni yake."

Mwalimu alikuwa amerudishiwa gari lake jana, akaambiwa alilete atakapohitajika. Alipigiwa simu. Tulipokuwa tunamsubiri nilikuwa karibu na furaha, nawaambieni ukweli. Nilijua nitafunga kibanda, nilijua watu watanicheka sokoni, lakini mama angetoka na mimi ndiye ningekuwa nimemtoa.

Gari liliingia uani likasimama chini ya bendera. Mwalimu akashuka, mtu mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa shati, akatusalimu wote kwa adabu. Mama aliletwa mlangoni ashuhudie, yule kijana wa kaunta kando yake.

Bwana Taratibu akaketi kwenye kiti cha dereva, akatia ufunguo.

Uliingia. Haukuzunguka.

Akauchomoa, akaufuta kwa leso, akautia tena. Akajaribu kuuchezesha usukani huku anazungusha, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Hakuna kitu.

"Mnaona sasa," mama akasema kutoka mlangoni, polepole, kwa mdomo wa upande mmoja. "Ufunguo wangu ni wa gari langu. La mwalimu nililikuta limewashwa, nikadhani ni mimi niliyeliacha hivyo. Nilikuwa na ganzi hadi machoni."

Sikumwelewa. Nilimsogeza mpelelezi, kwa heshima zote, nikaingia mimi. Nilitia ule ufunguo, nikauinua kidogo, nikaurudisha nyuma unywele mmoja, nikafanya ujanja wote ninaoujua. Ulikataa. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa silinda.

Kila silinda ninayoipanga naipiga nukta mbili kwa msumari, alama yangu ya kazi. Nukta zilikuwepo. Lakini chuma kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo mmoja, na gari hili limewashwa kila siku kwa miaka miwili, tena siku hizi na mtu mwenye rundo la funguo za madarasa. Hapo sikuhitaji macho. Niliyoishika ilikuwa silinda yangu ya tatu, ile iliyokosekana rafuni asubuhi.

Ukibadilisha viwili tu, ufunguo wa zamani unakataa?

Nilibaki nimekaa kwenye kiti cha mwalimu wa watu, mikono kwenye usukani, na mambo yakanifungukia yote kwa pamoja. Mama na binti yake hawakuwa wametafuta wakili. Walikuwa wametafuta njia ya mama kutoka bila jina langu kutajwa. Ufunguo usipowasha gari la mwalimu, mama hana ufunguo wa mtu, ana ganzi tu na uzee. Angeomba mwenyewe wajaribu, wangejaribu, ungekataa, wangemwomba radhi na kumsindikiza nyumbani. Hakuna askari ambaye angeuliza habari za swichi, kwa sababu hakuna askari aliyekuwa anajua swichi inabadilishwaje.

Hadi nilipokuja mimi nikawafundisha zaidi ya nusu saa, na kutia sahihi.

Bwana Taratibu alikuwa anasoma karatasi yangu, amesimama kando ya mlango wa gari. Alisoma hadi mwisho, akaikunja.

"Mwalimu," akasema, "swichi hii imeguswa?"

"Ndiyo, afande," mwalimu akajibu bila kusita. Mtu yule hajui kuficha jambo. "Nimebadilishiwa leo asubuhi. Niliogopa, mtu mwingine ana ufunguo wa gari langu, ningelalaje? Alinikuta kwenye geti la shule, akasema amesikia yaliyonipata. Kazi yenyewe hakutaka hata shukrani."

"Nani?"

"Fundi mmoja. Mama wa makamo, mpole. Ana mkono mwepesi, hata kipindi cha kwanza sikuchelewa."

"Na ile ya zamani?"

"Aliondoka nayo."

Mpelelezi akainama hadi uso wake ukawa dirishani, karibu na wangu. Hakuonekana amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Fundi," akasema, "katika mji huu, unawajua wanawake wangapi wanaoweza kutoa swichi ya gari?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, na alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana. Nikimtaja mke wangu, silinda ya zamani itapatikana, mama atakuwa huru kabla ya jua kuzama, na binti yake ataingia kwenye benchi lile kwa kuharibu ushahidi. Nikinyamaza, kesho saa tatu mimi na mama tutasimama pamoja.

Nikafungua mdomo nimjibu.

Ndipo geti la kituo lilipolia. Mke wangu aliingia, bakuli la chakula cha mama mkononi, mkoba wangu wa vifaa begani. Ulikuwa umevutwa chini upande mmoja, jinsi unavyovutwa ukiwa na chuma ndani. Alituona sote pale uani, akaliona na gari, akasimama.

Mwalimu alikuwa amempa mgongo. Bado hajageuka.